Mwenye Shida Anaandika "Presha"

Mdudu anayeitwa kitaalamu Tuta absoluta aliingia Tanzania mwaka 2014. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akazunguka nchi za Mediterania, akashuka Afrika Kaskazini, na kabla wakulima wetu hawajajua wanashambuliwa na nini, mashamba ya nyanya yalikuwa yanateketea. Hawakusubiri jina litoke maabara. Walimwita kantangaze, na hilo ndilo jina linalotajwa kwenye duka la pembejeo, ndilo linaloandikwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na ndilo mkulima wa Ilula au Arumeru analoandika YouTube usiku akiwa na bando la mwisho, baada ya kuona majani yanakauka na matunda yametobolewa.

Sasa chukua video mbili. Ya kwanza ameirekodi mtaalamu wa kilimo, mtu aliyesoma na anayemjua mdudu huyu tangu yai hadi nondo. Ameiita "Udhibiti Husishi wa Visumbufu vya Zao la Nyanya: Sehemu ya Kwanza". Kila neno katika kichwa hicho ni sahihi, na hakuna mkulima mwenye shamba linaloungua atakayeliandika hata moja zaidi ya "nyanya". Ya pili ameirekodi muuza dawa ambaye chupa yake haina hata lebo inayoeleweka. Ameiita "DAWA YA KANTANGAZE, INAUA SIKU MOJA". Mashine, yaani mfumo wa YouTube unaochagua video za kuonyesha, haijui nani kati yao ni mkweli. Inachojua ni kwamba mtu ameandika "kantangaze", na video moja tu ndiyo inayolitaja neno hilo.

Mijadala ya maneno muhimu mtandaoni, yaani yale yanayowekwa kwenye kichwa, maelezo na hashtegi ili maudhui yapatikane, kwa kawaida huendeshwa kama somo la biashara: weka hashtegi hizi, nunua programu ile, utapata watazamaji laki moja. Mimi naliona suala hili kwa jicho jingine. Neno linalobandikwa kwenye kichwa cha video au makala ndilo linaloamua nani anamfikia kwanza mtu mwenye shida. Kwa upande wa Kiswahili, leo hii, wenye ujuzi wanashindwa na wenye bidhaa, kwa sababu wenye bidhaa wanaongea kama watu na wenye ujuzi wanaongea kama barua ya ofisini.

Wapo watakaosema maneno muhimu yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi algorithimu, yaani kanuni ambazo mashine inazifuata kuchagua cha kukuonyesha, inapendekeza maudhui kwa kuangalia tabia ya mtazamaji, si maandishi. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mwaka 2012 YouTube iliacha kuhesabu tu idadi ya waliobofya, ikaanza kutoa uzito kwa muda ambao mtu anatazama. Mwaka 2018 Neal Mohan, aliyekuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube wakati huo, alisema zaidi ya asilimia 70 ya muda unaotumika kutazama video huko unatokana na mapendekezo ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo ni kweli, mlango mkubwa si kisanduku cha kutafutia tena.

Lakini tuangalie mapendekezo hayo yanapikwaje. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google, Paul Covington, Jay Adams na Emre Sargin, walichapisha andiko linaloeleza mfumo wa YouTube wa wakati ule. Ulikuwa na hatua mbili. Ya kwanza inachekecha mamilioni ya video na kubakiza mamia; ya pili inayapanga hayo mamia kwa kukisia mtu atatazama kwa muda gani. Mfumo umebadilika mara nyingi tangu hapo, ila kuna jambo moja ndani ya andiko lile ambalo walimu wengi wa mtandaoni hulipita: mashine haikusoma historia ya video ulizotazama peke yake. Ilichukua pia yale uliyoyaandika ulipokuwa unatafuta, ikayakatakata kuwa neno mojamoja na maneno mawilimawili, na kuyatumia kukujua wewe ni nani. Mkulima akiandika "dawa ya kantangaze" leo, maneno hayo hayaishi pale. Yanabaki kuwa sehemu ya picha ambayo mashine inayo juu yake, na kesho yanachangia kuamua ni nini kitakachojitokeza anapofungua simu bila kutafuta chochote. Neno la mtazamaji ndilo linaloanza safari, na tabia yake inaliendeleza.

TikTok nao walieleza mfumo wao mwezi Juni 2020. Walitaja makundi matatu ya taarifa: kile mtumiaji anachofanya na video, taarifa za video yenyewe zikiwemo maelezo, sauti na hashtegi, halafu mipangilio ya simu na akaunti kama lugha na nchi. Uzito haulingani. Mtu kuitazama video ndefu hadi mwisho kuna nguvu kubwa kuliko mtazamaji na mtengenezaji kuwa nchi moja. Na walisema wazi kuwa idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja katika kupendekeza. Kwa muuguzi wa zahanati ya kijijini mwenye wafuasi thelathini hiyo ni habari njema, kwa sharti kwamba video yake ifikishwe kwanza kwa wanaohusika. Video mpya ya akaunti mpya haina historia, hakuna aliyeitazama, hakuna tabia ya kupima. Kwa saa zile za mwanzo, maelezo uliyoandika ni sehemu kubwa ya kile mashine inachoweza kukujua nacho.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Fungua video yoyote ya mapishi ya maandazi na usome chini yake: majina ya wasanii wakubwa, Simba, Yanga, jina la mbunge aliyegombana na mtu juzi, #fyp, #foryou, #viral. Anayefanya hivyo anadhani anaongeza milango. Kinachotokea ni kwamba, kwa kadiri mashine inavyoyaamini maneno hayo, video ya maandazi inapelekwa kwa mtu aliyekuwa anatafuta magoli ya jana. Anaiona, anaipita kwa nusu sekunde. Wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Mashine inaandika kumbukumbu: video hii watu hawaitaki. Yule mama wa Tandika ambaye angeitazama yote na kuihifadhi hakuwahi kuonyeshwa. Hashtegi ya uongo inaichomea video nafasi yake ya kwanza, na nafasi ya kwanza ndiyo inayoamua kama kutakuwa na ya pili.

Nasema hivi kwa sababu tabia hii iliwahi kuua njia nzima ya mawasiliano kati ya waandishi na mashine. Miaka ya 1990 kurasa za tovuti zilikuwa na sehemu iliyofichwa, isiyoonekana na msomaji, ambapo mwenye tovuti alitaja maneno muhimu ya ukurasa wake ili injini za utafutaji ziyasome. Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli kwa ufupi. Watu wakaijaza majina ya watu maarufu na maneno ya ngono kwenye kurasa za kuuza matairi. Mwezi Septemba 2009 Matt Cutts wa Google alitangaza hadharani kwamba hawaitumii sehemu hiyo kupanga matokeo, kwa sababu ilichezewa mno. Kosa la wajanja liliwanyima sauti waaminifu.

YouTube imefuata njia hiyohiyo. Sehemu ya tagi, yaani maneno ya ziada ambayo mtazamaji hayaoni, yenye nafasi ya herufi 500, bado ipo, lakini kampuni yenyewe inaeleza kwenye mwongozo wake kuwa tagi zina mchango mdogo sana, na kwamba faida yake ni pale ambapo watu hukosea kuandika jina la kitu. Ukizidisha hashtegi 60 kwenye video moja, zote zinapuuzwa. Ukijaza orodha ndefu ya tagi kwenye maelezo ya video unavunja kanuni zao dhidi ya udanganyifu. Kilichobaki na nguvu ni kile ambacho binadamu naye anakisoma: kichwa cha habari, mistari ya kwanza ya maelezo, maandishi kwenye picha ya jalada. Nalipenda badiliko hili. Ni vigumu kumdanganya mashine mahali ambapo mtazamaji naye anaona.

Kiswahili kina mambo yake ambayo mafunzo yaliyotafsiriwa kutoka ng'ambo hayayagusi kabisa, na hapa nataka nikae kidogo.

La kwanza ni umbo la maneno yetu. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Mche, miche. Jani, majani. Ugonjwa, magonjwa. Kupika, napika, mapishi, mpishi. Sasa kisanduku cha kutafutia kinakisia unachotaka kuanzia herufi ya kwanza unayoandika. Anayeanza na "mi" na anayeanza na "mc" wanatafuta kitu kilekile na wanaonyeshwa orodha mbili tofauti. Mwandishi anayerudia "miche ya nyanya" mara kumi na mbili ndani ya maelezo, kwa sababu ameambiwa arudie neno muhimu, hajamsaidia anayetafuta "mche". Sentensi mbili za kawaida, moja yenye umoja na nyingine yenye wingi, zingefanya kazi hiyo bila kumchosha msomaji.

La pili ni tahajia. Mdudu yule wa nyanya anaandikwa kantangaze na wengine, kanitangaze na wengine. Viwavi waliovamia mahindi yetu baada ya kuingia Afrika mwaka 2016 wanaandikwa viwavijeshi kwa neno moja kwenye vipeperushi, na viwavi jeshi kwa maneno mawili na karibu kila mtu mwingine. Wako wanaobadilishana l na r, wako wanaoiacha h njiani. Mhariri ndani yangu angependa kila mtu aandike kwa usanifu, lakini mgonjwa na mkulima hawafanyi mtihani wa lugha. Hapa ndipo ile sehemu ya tagi, iliyodharauliwa kwingine, inapopata kazi halali: weka humo namna zote ambazo watu huandika, na kichwa cha habari kibaki safi.

La tatu ni upana wa lugha yenyewe. Kisamvu cha Dar es Salaam ni sombe cha Lubumbashi na Bukavu. Mtengenezaji wa video za mapishi Mtanzania anayeandika "kisamvu (sombe) cha nazi" amefungua mlango kwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, pamoja na ndugu zao walioko Ulaya na Marekani wanaotafuta ladha ya nyumbani, na hajadanganya mtu yeyote. Linganisha hilo na kubandika jina la msanii.

La nne ni uhaba. Mashine hujifunza lugha kwa kusoma na kusikiliza mengi sana. Wikipedia ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, na za Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hizo. Pale ambapo mashine inaielewa lugha vizuri, inaweza kubahatisha maana hata kichwa cha habari kikiwa kibovu. Kwetu ubahatishaji huo ni dhaifu zaidi, kwa hiyo maandishi tunayoweka wenyewe yana kazi kubwa kuliko kwa Mwingereza. Hata kuchagua "Kiswahili" kwenye mpangilio wa lugha ya video unapopakia, badala ya kuacha Kiingereza kilichokuwepo, ni taarifa ambayo watengenezaji wengi hawajawahi kuigusa.

Nikitoka shambani nikaingia hospitalini, ndipo wasiwasi wangu unapokuwa mkubwa. Nani hapa kwetu anaandika "shinikizo la juu la damu" kwenye simu saa tano usiku? Watu wanaandika presha. Wanaandika "dawa ya sukari", "dalili za presha", "presha ya kupanda", "presha ya kushuka". Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2021 zilionyesha watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana tatizo hili, na karibu nusu yao hawajui. Ni ugonjwa ambao kwa wengi hauumi mpaka umeshafanya uharibifu, na ambao kwa kawaida hudhibitiwa kwa dawa za kila siku kwa miaka mingi. Mtu aliyechoka kumeza vidonge ndiye anayeandika "kupona presha kabisa". Na anayemkuta pale, mara nyingi mno, ni muuza unga wa mitishamba aliyeandika maneno hayohayo kwenye kichwa cha video yake, herufi kubwa, akiahidi kwamba baada ya wiki mbili vidonge vitatupwa.

Daktari bingwa wa moyo naye ameweka video. Ipo. Kichwa chake kinasema "Elimu kwa Umma Kuhusu Magonjwa Yasiyoambukiza", pamoja na tarehe ya maadhimisho na jina refu la taasisi. Jumbe zote muhimu zimo ndani, dakika ya kumi na nne, baada ya utambulisho wa mgeni rasmi. Simlaumu daktari, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba kichwa cha video ni sehemu ya tiba. Ila yule anayeandika "je, ninaweza kuacha dawa za presha?" alihitaji jibu la daktari huyo, kwa maneno hayohayo, na hakulipata. Swali lile lingefaa kuwa kichwa cha video nzima ya dakika tatu: "Je, Unaweza Kuacha Dawa za Presha Ukijisikia Vizuri?" Hakuna chumvi iliyoongezwa hapo. Hakuna ahadi ya uongo. Ni swali la mgonjwa limewekwa mahali ambapo mgonjwa atalikuta.

Najua pingamizi litakalokuja, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema tukianza kuandika kwa lugha ya mtaani tunashusha elimu, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kumfundisha mtu neno sahihi. Nakubaliana na sehemu ya pili. Mtu afundishwe neno "shinikizo la juu la damu", na ajue kuwa kantangaze ana jina la kisayansi litakalomsaidia kusoma lebo ya kiuatilifu. Lakini huwezi kumfundisha ambaye hajakufikia. Weka presha kwenye kichwa cha habari, weka jina la kitaalamu kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo, litamke kwa sauti ndani ya nusu dakika ya mwanzo, eleza kwamba ni kitu kimoja. Aliyekuja na neno la nyumbani ataondoka na yote mawili.

Pingamizi jingine ni kwamba huu ni mtego uleule wa vichwa vya habari vya kuvutia. Tofauti yake inapimika. Kichwa cha kuvutia kwa uongo kinaahidi kisichokuwemo, na mtazamaji akigundua anaondoka. Ule muda mfupi aliokaa unamhukumu aliyekiandika. Neno la kweli linamleta mtu aliyekuwa analitafuta, anakaa kwa sababu amekuta alichokijia, na kukaa kwake kunaishawishi mashine imtafutie mwingine wa aina yake. Ndiyo maana siamini kwamba ukweli na algorithimu ni maadui wa kudumu. Wanaopotoshana ni watu, na mara nyingi wanashinda kwa sababu upande wa pili haujajitokeza kwenye neno husika.

Kazi yenyewe haihitaji bajeti kubwa. Maafisa ugani wanayasikia majina ya mtaani ya magonjwa ya mazao kila wiki; wauguzi wa mapokezi wanajua wagonjwa wanayaitaje maumivu yao kabla hawajaingia kwa daktari. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia herufi chache za mwanzo za tatizo na usome kile kinachokamilishwa: hayo ni maneno ya wananchi, yametolewa bure. Google Trends, ukurasa wa Google wa kulinganisha yanayotafutwa, inaonyesha, kwa Tanzania na kwa Kenya kila moja peke yake, ni neno gani kati ya mawili linalotafutwa zaidi. Wizara ya Kilimo na ya Afya, vyuo vya kilimo, hospitali za rufaa na redio za mikoani zenye chaneli zao zinaweza kuanza na zile video ambazo tayari zimelala huko zikiwa na watazamaji arobaini: kichwa cha video YouTube kinabadilishwa bila kurekodi upya hata sekunde moja, na maelezo yake vilevile. Aanze mmoja wiki hii na ile ya nyanya.